Imani Yenye Mizizi: Funzo la Nyange na Buta

Mwaka 1946 Mfalme Mutara III Rudahigwa aliiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Makanisa yakajaa, ubatizo ukaenea. Lakini Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini humo, Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia kanisa la parokia ya Nyange waliangushiwa kanisa hilo kwa tingatinga, wakiwa ndani. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishitakiwa kwa mauaji hayo huko Arusha mbele ya mahakama ya kimataifa, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale wakakataa. Arobaini wakauawa.

Sakramenti ni zilezile na Injili ni ileile. Tofauti ilitoka wapi?

Katika mfano wa mpanzi, Yesu anataja mbegu iliyoanguka penye mwamba. Huchipua upesi kuliko zote, kisha jua likiwaka hunyauka kwa kukosa mizizi. Watu wa namna hiyo, anasema, hulipokea neno kwa furaha. Basi furaha ya ibada, wingi wa waumini na ukubwa wa sadaka haviwezi kuwa kipimo cha imani, kwa sababu hata penye mwamba huonekana.

Buta ilikuwa imeshughulikia mizizi. Tangu Rais Melchior Ndadaye wa Burundi auawe mwaka 1993 na nchi kugawanyika, walezi waliwafundisha vijana kuizungumzia chuki waziwazi, kusali, kula na kucheza pamoja. Amri ya kujitenga ilipotolewa, iliwakuta wameshakuwa ndugu.

Tusimhukumu anayetetemeka. Petro aliogopa hata akamkana Bwana wake, na Zaburi zimejaa vilio. Machozi yanaweza kukaa ndani ya imani ya kweli. Imani duni hujulikana pale inapomtoa jirani ili ijiokoe, au inapomwacha Mungu mara tu baraka zinapokoma.

Kwa hiyo kila jumuiya ijiulize leo, kungali na amani: je, tunawazoeza watu wetu kumpenda wasiyefanana naye kabila, au tunawafundisha kungojea miujiza tu? Taabu ikishafika, muda wa kuotesha mizizi unakuwa umekwisha.