GEMU LA NGUMI: UNACHAPWA KICHWANI KABLA YA VIDOLE!

Wiki hii hatuendi mbali. Tunaingia kwenye mabanda ya gemu ya huku kwetu Mbweni, na yale ya Boko, Bunju na Tegeta, ambako jioni vijana wanajazana mpaka hewa inakuwa ya kugawana.

Ukweli ni kwamba kwenye mabanda mengi mpira ndio unaotawala. Lakini subiri mtu aweke gemu la ngumi. Iwe Tekken, Mortal Kombat au Street Fighter, hapo ndipo utakapojua nani ni nani. Kwenye mpira ukifungwa unaweza kumlaumu beki, kipa au hata refa. Kwenye ngumi mko wawili tu, uso kwa uso, hakuna wa kumsukumia msala. Ndiyo maana ugomvi wa bandani mara nyingi unaanzia hapo, na ndiyo maana hela nyingi ya nauli na ya chapati inazama hapo hapo.

Kuna jamaa mmoja ambaye kila mtaa unaye. Vidole vyepesi kama cherehani, mapigo yote ya Tekken anayajua, na kuchonga anachonga ile mbaya. Lakini kila jioni anachapwa na bwana mdogo mmoja mpole, asiyejua hata nusu ya mapigo hayo. Anatoa mia tano nyingine, anachapwa tena. Watu wanasema bwana mdogo ana zali. Zali gani la kila siku? Yule jamaa anashindwa kichwani kwanza, vidole vinakuja kumalizia tu.

VISINGIZIO VYA BANDANI

Sikiliza maneno ya mtu aliyetoka kuchapwa. "Pedi mbovu." "Jua linapiga kwenye kioo." "Mmenipigia kelele." Wakibadilishana pedi na akachapwa tena, anahamia kwenye kisingizio kikubwa kuliko vyote: "Unacheza kishamba, unarudia pigo moja!"

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wakongwe wanaikumbuka Tekken 3, iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998. Mle ndani aliingia Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera anayerusha miguu kama pangaboi. Hata mtu aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza alibonyeza batani za mateke ovyo ovyo na Eddy akapiga watu. Matokeo yake baadhi ya washikaji wakajitungia sheria: Eddy marufuku! Wengine wakapiga marufuku kushika na kurusha, wengine wakapiga marufuku ngwala.

Mmarekani David Sirlin, aliyekuwa mshindani wa Street Fighter, aliandika kitabu kizima juu ya tabia hii. Hoja yake ni kwamba mtu anayejitungia sheria ambazo gemu halina, amejifunga kamba miguuni kabla ya pambano. Mwenzake anacheza gemu lililopo, yeye anacheza gemu analolitaka kichwani.

Mimi naongeza la kwetu. Kama mtu amekupiga ngwala ile ile mara kumi, aliyerudia kosa ni nani? Yeye amerudia dawa inayofanya kazi. Wewe ndiye umesimama mara kumi pale pale ukisubiri mtama. Siku utakapoanza kuizuia, ataiacha mwenyewe bila kutungiwa sheria.

JICHO HALIWAHI

Sasa tuje kwenye ufundi. Wengi wanadhani fundi wa gemu la ngumi ana macho ya paka, kwamba anaona ngumi ikija ndipo anaizuia. Hesabu inakataa. Magemu haya yanakwenda kwa picha 60 kila sekunde. Kwenye Tekken za siku hizi ngumi ya haraka ya kawaida inachukua picha 10 tu mpaka ikufikie, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Binadamu naye, mpaka jicho lione, ubongo uelewe na kidole kibonyeze, kwa kawaida anatumia kama robo ya sekunde, ambayo ni picha 15. Kwa maana hiyo ngumi inakuwa imeshakupiga wakati wewe ndio kwanza unaiona!

Ni kama penati. Mpira uko mita 11 kutoka golini, na ukipigwa kwa nguvu unafika kwa muda wa nusu sekunde hivi. Kipa akisubiri aone unakwenda wapi, ataokota nyavuni. Kwa hiyo anamsoma mpigaji mapema: anavyokuja, bega lilivyokaa, penati yake ya mwisho alipiga upande gani.

Kwenye Tekken kitendawili ni hiki. Ukisimama na kuzuia, unakinga mapigo ya juu na ya kati, lakini ngwala itakupata na mwenye kukushika atakushika. Ukichuchumaa, unakinga ngwala na mapigo ya juu yanapita hewani, lakini pigo la kati litakupata vizuri sana. Hakuna mkao mmoja unaokinga vyote. Lazima uchague, na mara nyingi unachagua kabla pigo halijaja. Sasa unachaguaje? Kwa kumsoma mtu.

MSOME MTU, ACHANA NA KIOO

Wazee wetu wanaocheza bao wanalijua hili tangu zamani. Ubao una mashimo 32 na kete 64, vyote viko hadharani na hakuna kilichofichwa. Lakini kuna mzee ukikaa naye anakufunga kila siku, kwa sababu anakujua wewe kuliko unavyojijua. Anajua ukibanwa unakimbilia wapi.

Bandani ni vile vile. Kila mchezaji ana mazoea yake. Kuna ambaye akiangushwa lazima aamke na teke. Kuna ambaye damu ikibaki kidogo anaanza kurukaruka kama kuku aliyeona mwewe. Kuna ambaye akipata pigo moja anapata mzuka na kuja mbele bila kuzuia. Bwana mdogo mpole anayekuchapa anaangalia mambo hayo tu. Raundi ya kwanza anakuacha ucheze. Raundi ya pili anakungoja pale pale unapopitaga.

Fundi wa juu zaidi haishii kusoma, anakufundisha bila wewe kujua. Anakupiga ngwala mara mbili. Unakereka, unaanza kuchuchumaa. Alikuwa anakusubiri huko huko chini! Mara ya tatu anakuja na ngumi ya kidevu, unapaa hewani, anakumalizia kabla hujagusa chini. Wewe unalalamikia ile ngumi, kumbe ulishauzwa tangu kwenye ngwala ya kwanza.

MECHI YA WALIOSHINDWA

Mashindano makubwa ya magemu ya ngumi duniani yanaitwa Evo, na chimbuko lake ni California, Marekani. Mtindo wake ni huu: ukipoteza mechi moja hutoki, unashushwa kwenye kundi la walioshindwa mara moja. Ukipoteza ya pili ndipo unafunga virago.

Mwaka 2004, kwenye Evo, Mjapani Daigo Umehara alikutana na Mmarekani Justin Wong katika Street Fighter III. Daigo alimchukua Ken, Wong akamchukua Chun-Li. Daigo akabanwa mpaka damu ikabaki kama uzi, kiasi kwamba hata pigo maalumu akilizuia kwa kawaida, lile la kupunguziwa tu lingemmaliza. Wong akaachia mvua ya mateke 15.

Kwenye gemu lile kulikuwa na njia moja ya kujiokoa: kusukuma fimbo mbele, kuelekea kwenye pigo lenyewe, kwa wakati ule ule linapogusa. Ukiwahi umekwisha, ukichelewa umekwisha. Daigo aliyapangua yote 15, moja baada ya jingine, akajibu mapigo na kushinda. Ukumbi ulilipuka kama vile Simba na Yanga wamefunga dakika ya 90. Asingeweza kusubiri aone. Alikuwa ameshamsoma Wong kwamba kwa hali ile atataka kumaliza kwa mkupuo.

Lakini jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba ile ilikuwa fainali ya kundi la walioshindwa. Wote wawili walikuwa wameshapoteza mechi moja! Na baada ya maajabu yale yote, Daigo alikwenda fainali kuu akafungwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata. Pambano linalotajwa kuliko yote katika historia ya magemu haya lilichezwa na watu wawili waliotoka kuchapwa. Kama wangekaa pembeni kununa, leo tusingekuwa na la kusimulia.

USIPIGWE NA JINA

Kosa jingine la kichwa ni kushindwa na sifa za mtu. Ukisikia "huyu ndiye mkali wa Tegeta", mikono inaanza kutoa jasho kabla hujakaa. Bondia wetu wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alipopanda ulingoni Birmingham, Uingereza, Septemba 2018, alikuwa mtu wa kujaza nafasi mbele ya Sam Eggington, tena kwa watu wake. Raundi ya pili refa akasimamisha pambano, Mtanzania kashinda.

Kwenye gemu, mfano ni Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, anayejulikana kama Arslan Ash. Februari 2019 alikwenda Evo ya Japani baada ya safari iliyojaa misukosuko, na wengi walikuwa hawamjui. Akabeba taji la Tekken 7. Akaeleza kwamba kwao wako wakali wengine wengi, watoto wa mabanda ya mtaani kama haya yetu.

Sasa angalia alichofanya Mkorea Bae Jae-min, maarufu kama Knee, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa Tekken. Angeweza kusema Wapakistani wanacheza kishamba. Badala yake, mwaka huo huo wa 2019 alifunga safari mpaka Pakistan kucheza nao na kujifunza. Agosti hiyo, kwenye Evo ya Las Vegas, waliofika fainali kuu walikuwa Arslan na Knee. Arslan akashinda, na taji hilo akalichukua tena 2023 na 2024. Lakini mimi namvulia kofia Knee. Bingwa kubeba begi kwenda kutafuta anayemchapa, hiyo ni akili kubwa.

Na dada zetu msione haya ni ya wanaume. Jirani hapo Kenya, Sylvia Gathoni, anayecheza kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani iitwayo UYU kwa ajili ya Tekken. Alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kusajiliwa na timu ya kimataifa ya magemu.

HASIRA HASARA

Turudi bandani. Hela yako inapotea lini? Inapotea pale unaposema "naweka nyingine sasa hivi!" huku masikio yamepata moto. Mtu mwenye hasira anabonyeza kwa nguvu, anakuja mbele bila kuzuia, na anarudia pigo lile lile lililomponza. Kwa mpinzani wewe umeshakuwa kitabu cha darasa la kwanza, unasomeka hata gizani.

Basi fanya hivi. Ukichapwa mechi mbili mfululizo, inuka umpishe mwingine. Futa mikono, vuta pumzi, simama nyuma ya kiti uangalie. Kuangalia hakulipiwi! Mtazame aliyekuchapa anavyocheza na mwingine, kisha ujiulize maswali matatu. Amenipiga kwa pigo gani zaidi? Mimi nilikuwa nafanya nini kila aliponipiga? Nikirudi nitabadilisha kitu gani kimoja? Kimoja tu, usibebe vitano.

Halafu toka nyumbani na kiwango. Ukisema leo ni buku, buku ikiisha unaondoka hata kama mashabiki wanakuzomea. Wale mashabiki nyuma ya kiti chako hawatakulipia bajaji ya kurudi nyumbani.

Na tusidanganyane, wengi wetu hatutafika Las Vegas. Lakini kijana anayetoka bandani kila siku akisema pedi mbovu, kesho atatoka kwenye mtihani akisema mwalimu ananichukia, na keshokutwa biashara itamfia mkononi akisema nimerogwa. Huyo hata umbadilishie pedi mara mia, atachapwa tu. Mwenzake anayeweza kusema "nilichuchumaa nilipotakiwa kusimama" ameshapata cha kurekebisha, na mia tano yake haikwenda bure.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Watu tunaitumia kama pole ya kumpa aliyefungwa, lakini kwenye gemu la ngumi ichukue kama somo la kwanza la ufundi. Kubali umechapwa, tafuta umechapwaje, ndipo uweke hela nyingine.

Kwa leo naishia hapo. Yule bwana mdogo mpole ukimkuta jioni, msalimie, kaa pembeni yake, mwangalie. Tukutane wiki ijayo!