Mbaazi Ubavuni mwa Nyumba

Hapa Tanga, mtu akitaka kuzungushia nyumba yake kitu cha kijani hupanda minyaa au hununua miche ya maua bustanini. Mimi ubavu wa mashariki wa kiwanja changu nimeupanda mbaazi, na yeyote mwenye kipande cha ardhi, hata kiwe na ukubwa wa chumba kimoja, ningemshauri afanye hivyo. Uzio huu unapikwa. Tena nyuki wanaupenda, na kwangu hilo lina uzito sawa na mboga.

Tumezoea kuiona mbaazi kama zao la shambani la msimu mmoja, kumbe ni kichaka. Ukiiacha hupita kimo cha mtu na kuishi miaka kadhaa. Mkulima huing'oa kwa kuwa anahitaji nafasi ya mahindi. Mwenye nyumba hana haraka hiyo.

Mvua za masika zikianza, Machi, fukia mbegu mbili tatu kila shimo, shimo hadi shimo hatua moja. Zikiota, bakiza mche ulio na nguvu. Miezi miwili ya kwanza miche hujivuta sana, na wengi hukata tamaa hapo. Palilia tu, na mbuzi wa jirani wasipite, maana majani yake kwao ni karamu. Mbolea usinunue. Chimbua kidogo pembeni ya mche uliokua, utaona vinundu kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, bakteria waliomo wanakamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Na majani yanayopukutika huurutubisha udongo kwa ajili ya mimea ya jirani.

Chagua aina inayokwenda juu. Kituo cha utafiti cha Ilonga, kule Kilosa, kimeshughulikia mbaazi kwa miaka mingi. Komboa, iliyotolewa mwaka 1999, ni fupi na huwahi kukomaa, kwa hiyo haifai uzio. Mali, ya mwaka 2002, ni ya muda mrefu. Hata mbegu za kienyeji kutoka sokoni zinafaa, mradi muuzaji akuhakikishie kwamba ni za mwaka huu.

Aina hizi za muda mrefu husubiri mchana ufupike ndipo zichanue. Kwangu ni wakati wa kipupwe, majani mengi ya porini yaliyotoa maua masika yakiwa yamekwisha kukauka. Hapo ndipo ninapoweka kigoda changu asubuhi, jua likishapanda.

Ua la mbaazi ni la njano, na mara nyingi lina michirizi myekundu kwa nyuma. Chavua na sehemu inayoipokea vimefungiwa ndani ya petali mbili za chini zilizoshikana. Mdudu mwepesi hutua na kuondoka bila kuzifungua. Akija nyuki mwenye uzito, petali hizo hubonyea, na vile vilivyofichwa huchomoza na kumgusa tumboni. Mtazame hasa nyuki mkata-majani: chavua haibebi miguuni kama nyuki wa asali, huibeba chini ya tumbo, kwa hiyo akiruka unaliona tumbo lote la njano. Ukikuta majani yamekatwa nusu duara safi kama kwa mkasi, ni yeye. Anajengea vyumba vya watoto wake. Kichaka hakidhuriki, mwache.

Huja pia nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu. Mjukuu wangu aliwakimbia mara ya kwanza, "Bibi, watatuuma!" Nilimweleza kwamba hao hawana mzinga wa kulinda kama nyuki wa asali, na madume yao hayana hata mwiba. Ukiwa na pasheni kwenye uzio, hao ndio wafanyakazi wako: ua la pasheni ni kubwa, nyuki mdogo huchukua chavua bila kuigusa sehemu inayoipokea. Basi gogo moja kavu usilichome, waachie watoboe.

Sasa jambo linaloniuma. Mbaazi ikichanua, viwavi huja kutoboa maganda, na mtu hukimbilia duka la pembejeo, arudi na dawa ya kunyunyizia maua asubuhi, saa ileile nyuki wapo kazini. Maboga na matikiti yakikataa kuzaa kwa kukosa nyuki, analaumu mbegu. Kwa uzio wa nyumbani dawa hizo hazina haja kabisa. Asubuhi mapema pita na ndoo ya maji yenye sabuni, tikisa matawi, viwavi wadondokee humo. Wachache watakaobaki, wale sehemu yao.

Maganda chuma mabichi, punje zikiwa zimejaa. Chemsha punje mpaka zilainike, ndipo utie tui, bizari, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa, uzile na mahamri. Mavuno yakiisha, kata vichaka usawa wa kiuno. Mvua za vuli zitavichipusha. Fito ulizokata ni kuni nzuri. Baada ya mwaka wa tatu kuzaa hupungua, panda upya.

Kuhusu mbegu za kupanda upya: mbaazi huweza kujichavusha yenyewe, lakini nyuki huchanganya aina. Jirani akiwa na Komboa, baadhi ya watoto wa uzio wako wanaweza kutoka wafupi. Mimi huchagua maganda ya vichaka vya katikati, vilivyo mbali na mpaka wa jirani, nayaacha yakauke mtini, kisha punje naziweka na majivu ndani ya chupa kavu, kizibo kikiwa kimekazwa, fukusi wasipate njia.