Mji wa Kumbi Saleh Wasimama kwa Matofali ya Watoto

Mwaka 2019, wageni wa Makumbusho ya Aga Khan mjini Toronto, Kanada, walikuta mji mzima umewekwa mbele yao. Minara ilikuwa imesimama, majengo yamepandana, na kila kitu, tangu msingi hadi kilele, kilikuwa cheusi. Aliyekaribia na kuinama aligundua kuwa mji ule haukujengwa kwa mawe, mbao wala udongo. Ulijengwa kwa vitofali vya plastiki vya LEGO, vile vile ambavyo watoto huvimwaga sakafuni, na wazazi wakavikanyaga usiku wakapiga yowe.

Mjenzi wake ni Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana, anayefahamika kwa kazi zake za vitofali vyeusi vitupu. Kazi hiyo, iliyomeza vipande takriban 100,000, ameiita Kumbi Saleh 3020 CE. Ni jina hilo lililotufanya tuilete habari hii katika ukurasa wa familia.

Mji wa misikiti 12

Kumbi Saleh si jina la kubuni. Ni magofu yaliyoko kusini-mashariki mwa Mauritania, ambayo wanahistoria wengi huyahesabu kuwa ndiyo mabaki ya mji mkuu wa dola ya kale ya Ghana, iliyotajirika kwa biashara ya dhahabu na chumvi. Dola hiyo haikuwa mahali ilipo Ghana ya leo. Nchi ya leo ililichukua jina hilo kwa heshima ilipopata uhuru mwaka 1957.

Mwanachuoni al-Bakri wa Andalusia aliandika habari za mji huo mwaka 1068. Alieleza kuwa ulikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa ya mfalme, ambaye hakuwa Mwislamu. Nyingine ilikuwa ya Waislamu, nayo ilikuwa na misikiti 12, maimamu na waadhini wake, pamoja na wanasheria na wanazuoni. Hata karibu na baraza la mfalme palikuwa na msikiti kwa ajili ya Waislamu waliofika kumwona.

Al-Bakri mwenyewe hakufika huko. Aliupata mji kwa masikio, kutoka kwa wasafiri na katika maandishi ya waliomtangulia, akaupanga habari kwa habari hadi ukasimama katika karatasi. Zaidi ya miaka 900 baadaye, Nimako naye ameuchukua mji asioweza kuuona, akausogeza mbele miaka 1,000, akauliza ungekuwaje leo hii na kesho kutwa kama ungeendelea kukua.

Kutoka karakana ya seremala

Vitofali hivi vina asili ya unyonge. Mwaka 1932, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark, seremala Ole Kirk Christiansen alianza kuchonga vitu vya mbao vya kuchezea watoto wakati kazi za ujenzi zilipoadimika. Jina la LEGO lilitokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Kitofali cha plastiki tunachokijua leo, chenye vinundu juu na mirija ndani, kilisajiliwa mwaka 1958, na kilichotengenezwa mwaka huo bado hushikana barabara na cha leo.

Siri yake iko katika hesabu. Ukichukua vitofali viwili tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, utaweza kuviunganisha kwa namna 24. Ukichukua sita, namna hizo hufikia 915,103,765. Ndiyo maana watu wazima katika nchi nyingi wameifanya burudani hii kuwa kazi ya mikono ya miezi mingi: hujenga bandari, masoko, mabonde na miji ambayo haijawahi kuwapo.

Kazi yao inataka subira. Kwanza huchambua vipande kwa umbo kabla ya rangi, kwa kuwa ni rahisi kuona kipande chekundu katikati ya vyeupe kuliko kupata umbo dogo katika rundo la rangi moja. Kisha huamua kipimo: kama mtu ana urefu wa vidole viwili, mlango wake uwe na urefu gani? Hulaza vitofali ubavu ili vinundu visionekane ukutani. Nyumba za mbali huzifanya ndogo zaidi ili jicho lidhani kuna masafa. Mandhari nzima huigawa katika sehemu zinazotenguka, ili ipite mlangoni siku ya maonyesho.

Mtoto hujenga alichosimuliwa

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wazazi na walezi. Tangu mwaka 1978 maboksi ya vitofali hivi yamekuja na ngome za mashujaa wa Ulaya na vyombo vya anga za juu. Si vibaya mtoto kuvijenga. Lakini ikiwa hivyo tu ndivyo alivyowahi kuvisikia, atakua akidhani kuwa zamani ilikuwa ya wengine, na kesho nayo ni ya wengine.

Katika Sunan Abi Daud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliona kwa Bibi Aisha (r.a.) wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mabawa ya vitambaa. Alipomuuliza habari za farasi mwenye mabawa, Bibi Aisha alimjibu kwa kutaja aliyoyasikia kuhusu farasi wa Nabii Suleiman (a.s.). Mtume akacheka. Mchezo ule ulikuwa na kisa nyuma yake, na kisa kilikuwa kimesikika kabla ya mchezo.

Tukubali pia kwamba vitofali hivi ni ghali, na nyumba nyingi hazina nafasi ya gharama hiyo. Lakini watoto wetu hujenga magari kwa waya na makopo, na ng'ombe kwa udongo wa mfinyanzi. Viberiti vitupu, maboksi ya viatu na gundi ya unga vinatosha kuanzia. Kinachopungua mara nyingi ni kisa cha kujengwa. Penye vipande vidogo, watoto walio chini ya miaka mitatu wakae mbali navyo, maana huvitia kinywani.

Na visa tunavyo karibu. Kilwa Kisiwani ilitembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Msikiti Mkuu wake wenye kuba za matumbawe, na kasri la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari, vimesimama kama magofu hadi leo, na tangu mwaka 1981 vimo katika orodha ya urithi wa dunia.

Jioni moja ya mapumziko, baba au mama awakalishe watoto, awasimulie Kilwa ilivyokuwa: majahazi, dhahabu kutoka Sofala, adhana juu ya maji. Kisha awaulize Kilwa ya mwaka 3020 itakuwaje. Msikiti utakuwa wapi? Bandari itapokea vyombo gani? Maji ya kunywa yatatoka wapi? Awaache wajenge, na asiharakishe kusahihisha. Mtoto atakapokwama na kuuliza birika lile la pembe nane lilijaa vipi, wafungue kitabu pamoja.