EBNA1

EBNA1 ni protini ya virusi vya Epstein-Barr, ambavyo ni vya familia ya herpesi. Kazi yake kuu ni kushika DNA ya virusi ndani ya kiini cha seli ili inakiliwe na isipotee seli inapogawanyika.

Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr huko London, katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Saratani hiyo, inayoota mara nyingi kwenye taya za watoto, ilikuwa imeelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Vikishaingia katika limfosaiti B, kwa kawaida virusi hutulia. DNA yao, yenye jozi za besi 170,000 hivi, hujifunga kama pete na kukaa kando ya kromosomu za binadamu. Pete iliyoachwa hivyo ingepotea polepole kadiri seli zinavyogawanyika. EBNA1 huzuia hilo. Molekuli zake mbili huungana na kutambua mfuatano maalumu wa jozi za besi 18, unaojirudia katika eneo liitwalo oriP. Sehemu moja ya eneo hilo ina nafasi nne, na hapo ndipo unakili huanzia. Nyingine ina nafasi 20 hivi: EBNA1 iliyoshika hapo hushika pia kromosomu kwa upande wake wa pili, na pete hufuata kama mtumbwi unaovutwa na jahazi.

EBNA1 si kimeng'enya cha kunakili DNA. Huita protini za seli, zilezile zinazonakili kromosomu, hivyo pete hunakiliwa mara moja tu katika kila mzunguko wa seli. Hapo ndipo tiba inapokwama: asikloviri huzuia polimerasi ya virusi, lakini virusi vilivyotulia havitumii polimerasi hiyo. Huitumia pale tu protini nyingine, Zta, inapoviamsha na kushika eneo la oriLyt.

Katika limfoma ya Burkitt yenye virusi hivi, mara nyingi EBNA1 ndiyo protini pekee ya virusi inayotengenezwa. Tena sehemu yake yenye glisini na alanini zinazorudiwarudiwa huisaidia kujificha kwa seli T, jambo la ajabu kidogo kwa protini iliyopewa jina la antijeni. Umbo lake ikiwa imeshika DNA lilichapishwa mwaka 1996, na watafiti wamekuwa wakitafuta molekuli za kuziba mahali hapo.