Anapoomba Mwenyewe Kupunguzwa Kazini

Tangazo likibandikwa kwamba kampuni itapunguza wafanyakazi, na kwamba anayetaka kuondoka kwa hiari aandike barua kabla ya mwisho wa mwezi, hesabu huanza siku hiyohiyo. Aliyebakiza miaka miwili kustaafu anapigia mahesabu kiinua mgongo chake. Fundi kijana aliyekwisha kuitwa kazini kwingine anaona amepata mtaji. Mwenye watoto shuleni anajiuliza: asipoomba leo, je, kesho hataondolewa kwa malipo madogo zaidi?

Wote wataandika barua, lakini uamuzi si wao. Barua hiyo ni ombi, na mwajiri ana haki ya kulikataa.

Nchini Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataja kustaafu mapema na kuondoka kwa hiari miongoni mwa hatua za kujadiliwa ili kuepusha au kupunguza idadi ya watakaoachishwa. Hapo ndipo ulipo uzuri wa utaratibu huu: kila anayeondoka kwa ridhaa yake huweza kumwokoa mwenzake asiyetaka kuondoka.

Mwajiri naye ana hofu yake. Wanaojitokeza kwanza mara nyingi ni wale wasioogopa soko la ajira: mhasibu mzoefu, fundi mitambo anayetafutwa na kila kiwanda. Wachumi John Haltiwanger na Manisha Singh, katika utafiti wao wa 1999 kuhusu serikali zilizopunguza watumishi katika nchi mbalimbali, waligundua kwamba baadhi zililazimika kuwaajiri tena watu waliokwisha kulipwa waondoke. Fedha zilitoka mara mbili kwa kazi ileile.

Kwa hiyo mwajiri makini hapokei barua kabla ya kujua anatafuta nini. Huamua kwanza ni vitengo gani vinahusika na ni nafasi ngapi zinafutwa, kisha hutangaza vigezo vitakavyotumika waombaji wakizidi: miaka ya utumishi, ujuzi usio na mbadala, mahitaji ya kitengo. Barua zinakwenda kwa afisa utumishi moja kwa moja, wala hazipitii mezani kwa msimamizi wa zamu. Kila mwombaji hujibiwa kwa maandishi, na anayekataliwa huelezwa sababu.

Huyo aliyekataliwa ndiye anayesahaulika zaidi. Amekwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kuondoka, na sasa lazima aripoti kazini Jumatatu kama kawaida. Kumnyima mafunzo au kupandishwa cheo kwa sababu ya barua aliyoalikwa kuiandika ni dhuluma, na kunawafundisha wenzake wasiamini tangazo lijalo.

Hiari ikishindwa kutosha, shari huanza. Mwaka 2012 Kenya Airways iliwapa wafanyakazi wake nafasi ya kustaafu mapema kwa hiari, kisha ikawaachisha wengine zaidi ya 400. Chama chao kilikwenda mahakamani. Mahakama ya Viwanda iliamuru warudishwe kazini, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikatengua amri hiyo. Miezi mingi ya kesi ilitumika kubishania jinsi walioachishwa walivyochaguliwa na kama walishirikishwa ipasavyo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaeleza upunguzaji kuwa ni kupoteza kazi bila hiari. Kwa maana hiyo, anayeomba mwenyewe anaingia katika makubaliano na mwajiri wake, na kilichoandikwa katika makubaliano hayo kina uzito mkubwa.

Ndiyo maana kifurushi cha hiari kinapaswa kulinganishwa na kima cha chini cha sheria. Tanzania, kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki kwa mshahara wa msingi wa sh. 780,000 kwa mwezi hupata takriban sh. 30,000 kwa siku. Hata akiwa ametumikia miaka 14, atahesabiwa siku 70, yaani sh. 2,100,000. Kenya, anayepunguzwa hulipwa angalau siku 15 kwa kila mwaka, na miaka 14 ingempa siku 210. Mwajiri anayetaka watu wajitokeze huongeza juu ya hapo, na lazima pia alipe likizo isiyotumika na mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi.

Kuna neno moja la kuangalia kabla ya kutia saini. Fao la kukosa ajira la NSSF Tanzania halitolewi kwa aliyeacha kazi mwenyewe. Mfanyakazi anayekubaliwa kuondoka kwa hiari anahitaji barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba ajira imekoma kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, pamoja na cheti cha utumishi na mchanganuo wa malipo. Akiona ameachishwa isivyo halali, ana siku 30 za kufikisha malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.