Kadi Yasema Korogwe, Watu Wake Wako Wapi?

Picha ya zamani ikitolewa kashani, kila mtu hukimbilia sura: huyu amefanana na mjomba, yule ana pua ya shangazi. Mimi ningeomba igeuzwe kwanza.

Tuseme kasha la bibi limefunguliwa huko Handeni, na chini ya kanga imetoka picha ya ukubwa wa kiganja. Mzee amekaa kitini, kanzu na koti. Kando yake mama. Nyuma yao vijana wawili wamesimama. Mgongo wa picha umegawanywa kwa mstari, upande wa ujumbe na upande wa anwani, na pembeni pana kisanduku cha kubandikia stempu. Hiyo ni kadi ya posta, lakini si ya kununuliwa dukani. Kadi za dukani, kama zile za C. Vincenti wa Dar es Salaam au A. C. Gomes wa Zanzibar, mara nyingi zilichapwa maneno ya maelezo, na mtu wetu aliyepigwa picha humo mara nyingi alitajwa kwa kabila tu, bila jina lake. Kadi ya familia haina maelezo. Ilisafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya kadi, nakala chache, ya kuwapa ndugu.

Mgongo huo ndio unaotoa umri. Ujerumani iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1905, kwa hiyo kadi ya namna hii kutoka kwetu ni vigumu kuwa ya kabla ya hapo. Stempu ikiwa na meli na maneno Deutsch-Ostafrika, ni ya enzi ya Mjerumani. Thamani ikiandikwa kwa heller badala ya pesa, sarafu iliyoitangulia, ni ya 1905 au baadaye. Kichwa cha twiga na jina Tanganyika kilianza 1922. Stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilianza 1935. Na kama haikubandikwa stempu, kwa kuwa kadi nyingi zilipelekwa kwa mkono, soma kisanduku chenyewe: AZO na Velox ni karatasi za Kodak, Gevaert ni ya Ubelgiji, Leonar ni ya Ujerumani. Karatasi haikutajii siku ya kupigwa picha, ila inakuonyesha mwaka ambao nakala hiyo haiwezi kuutangulia.

Maandishi ya mkono ukiyakuta kwa herufi za Kiarabu, usidhani hayo ni Kiarabu ukayaacha. Watu wengi wa Pangani na Tanga waliandika Kiswahili chao kwa herufi hizo. Mpelekee maalimu, huenda ni neno moja tu, ukumbusho, na jina.

Sasa muhuri wa posta. Unasomeka Korogwe, na hapa ndipo watafutaji wengi wanapopotea. Wanapanda basi kwenda Korogwe, wanauliza mtaa kwa mtaa, wanarudi mikono mitupu. Muhuri husema kadi ilitumbukizwa wapi. Hausemi watu walikaa wapi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea Mombo 1905 na Moshi 1911. Mji wa Handeni haukuipata. Aliyetaka kupanda treni au kupeleka mzigo mbali aliteremka Korogwe, safari ya kilomita zipatazo 65. Kwa hiyo familia ya Kizigua ya Handeni yenye kadi ya Korogwe haishangazi hata kidogo.

Kuna na mkonge. Miche yake ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yakaenea Tanga, Muheza hadi Korogwe. Wafanyakazi wa mkataba, manamba, walitoka Kigoma, Songea, Njombe na hata nje ya mipaka. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwaandikisha. Kijana aliyeondoka kwao kwa miaka alikuwa na sababu nzuri ya kutuma picha: nipo, mzima. Kadi ya Korogwe inaweza leo kuwa kwenye kasha la Kasulu, na kadi ya kasha la Handeni inaweza kuwa na mtu ambaye si wa ukoo wenu kabisa, rafiki wa babu kutoka shambani. Mtu huyo naye ana wajukuu wanaomtafuta.

Jina likipatikana lisikilize. Majina ya Se- na Sem- husikika sana kwa Wazigua, ya She- na Shem- kwa Wasambaa. Ila usilifanye sheria: Semboja, mtawala wa Mazinde katika karne ya 19, alikuwa Mkilindi, wa ukoo uliowatawala Wasambaa. Familia ikiwa ya Kikristo, rejesta za ubatizo za parokia za zamani za UMCA, misheni ya Kianglikana, kama Magila, Korogwe na Kideleko, ndipo pa kuanzia, kwa kuwa huandika wazazi na wasimamizi pia. Familia za Kiislamu hazina daftari hilo. Huko njia ni wazee na makaburi. Na kijiji kilichoandikwa kwenye kadi kisipoonekana kwenye ramani, kumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliyohamisha watu, na kumbuka kwamba Kilindi ilikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni hadi 2002.

Kwa wazee nenda na nakala iliyokuzwa. Kadi yenyewe ibaki nyumbani. Shikamoo, kaa, usitaje jina unalolidhani. Ukisema "bibi, huyu si babu Fulani?" atakuitikia kwa heshima tu, na umeharibu ushahidi. Uliza koti lilikuwa la nani, kiti kilikuwa nyumba gani, huyo kijana alioa wapi. Kisha mwulize mzee mwingine, kijiji kingine, asiyejua la kwanza. Wakikutana kwenye jina moja, lipokee. Wakitofautiana, yaandike yote mawili.

Andika kwa penseli laini, kwenye karatasi ya kando na si kwa kalamu ya wino juu ya kadi: majina kuanzia kushoto, aliyekutajia ni nani, na tarehe. Anza na mzee mkubwa kuliko wote mliobaki nao, na usingoje likizo ya Desemba.