Mwezi wa kumi, angalia alternateri ya motokari yako

Ndugu mufanyakazi, kama motokari yako ni ya zamani, mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo miezi inayoipima. Jua la Lubumbashi, Likasi na Kolwezi linapita digri 30 muchana, vumbi la kipwa lingali njiani, na mvua haijaanza vizuri. Ndani ya kapo ni moto zaidi tena. Piesi moja inayoumia sana wakati ule ni alternateri.

Labda utauliza: mambo ya motokari yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama? Fikiri mutu anayetoka posti ya usiku, au baba anayerudisha jamaa kutoka Likasi jua limekwisha kushuka. Alternateri imekufa zamani kidogo, yeye hakujua. Taa zinakuwa manjano, kisha nyekundu kama makaa, halafu motere inazima. Motokari inasimama bila taa hata moja nyuma, na kamyo zenye kubeba madini zinakuja kwa mwendo. Shofere wa kamyo ataiona akiwa karibu sana.

Alternateri inazungushwa na mukaba wa motere, na kazi yake ni kutoa umeme wa taa na wa kujaza batri. Lakini nguvu inayopokea haiwi umeme yote: karibu nusu inageuka joto. Ndani yake muna nyuzi za shaba, ndugu wa ile tunayoitoa udongoni, na wewe unayejua shaba sikia hii: ikipata digri 100 zaidi, inazuia umeme karibu 40 kwa mia zaidi ya mbele. Ndiyo maana alternateri yenye moto inatoa umeme kidogo wakati ule unapouhitaji sana. Pamoja na nyuzi zile kuna diodi, vipande vidogo vinavyoachia umeme upite upande mumoja tu. Joto likizidi, diodi zinakufa, na rangi inayofunika shaba inaungua.

Kinachoiponyesha ni upepo wa feni yake. Feni ile inazunguka polepole wakati motere inazunguka polepole. Basi, kukaa mbele ya soko motere ikiwaka, taa, radio na feni ya ndani vyote vikifanya kazi, ni kuipika alternateri.

Lakini adui mukubwa ni batri ya zamani. Watu wengi wanasukuma motokari asubuhi, inawaka, halafu wanakwenda kazini wakiwaza kwamba njiani batri itajaa. Alternateri haikufanywa kwa kazi ile. Batri tupu inanyonya umeme wote alternateri inaoweza kutoa, saa nzima na zaidi, na joto la mwezi wa kumi liko juu yake. Peleka batri garaji, waijaze polepole na mashini yake. Na kama batri haishiki tena, nunua ingine: utalipa feza za batri leo, au za batri na alternateri kesho.

Mukaba nao uangalie. Motere ikiwa imezima, sukuma mukaba na kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu: ushuke karibu sentimetri 1. Ukilegea, unateleza, unalia, unapasha moto gurudumu lake. Ukikazwa kupita kiasi, unaua rulemani. Matundu ya upepo yaliyojaa vumbi na mafuta yasafishwe na burashi kavu, na mafuta yanayovuja juu yake yazuiwe. Kama karibu na bomba la moshi kulikuwa na bati la kuzuia moto na fundi mumoja alilitupa, lirudishwe.

Na zile taa kubwa wanazoongeza vijana! Taa mbili za wati 100 zinakula karibu ampere 17. Alternateri nyingi za zamani hazitoi zaidi ya ampere 35 ao 55, na hiyo ni motere ikikimbia.

Kuna mafundi wa kando ya njia wanaopima alternateri kwa kutoa uzi wa batri motere ikiwaka. Uwakatalie. Umeme unaruka juu gafula na kuunguza diodi. Kipimo cha kweli ni voltimetri juu ya batri: motere ikizunguka, isome karibu volti 14. Ikibaki 12, hakuna umeme unaoingia.

Mama, usiache watoto wasimame karibu na kapo iliyofunguliwa. Mukaba na feni vinakata vidole, vinavuta kitambaa na mukono pamoja. Sigara pia iwe mbali: batri inayojazwa inatoa gazi inayopasuka, na asidi yake inaunguza macho. Ikiruka juu ya mutu, osha na maji mengi, kisha mupeleke kwa munganga.

Taa nyekundu ya batri ikiwaka njiani, simama mahali pazuri, angalia mukaba. Katika motokari nyingi za zamani, mukaba ule ule unazungusha pompi ya maji, na katika Volkswagen Coccinelle unazungusha feni inayopoza motere. Basi kama umekatika, usiendelee hata kilometri moja. Kama mukaba ni muzima na ni muchana, zima kila kitu usichohitaji na uende moja kwa moja garaji iliyo karibu, bila kuzima motere. Usiku usijaribu: pembeza motokari nje ya njia, watu wote watoke na wasimame mbali nayo, weka alama ya pembe tatu, ao matawi ya miti, mita 100 nyuma. Na unapoondoka, toa matawi yale njiani, kwa sababu mwenye pikipiki atakayepita nyuma yako hatayaona.